Mate ya Koko na Jicho la Lazaro

Uchungu wa dawa ya macho hauishii machoni. Wenzangu mliofika umri huu mnaujua. Unainua uso, tone linaingia, unafumba, na baada ya punde kitu kichungu kinateremka nyuma ya pua mpaka kooni. Mimi nimeandikiwa matone ya presha ya macho, kila jioni mpaka nitakapokufa; daktari alinieleza hivyo bila kuzungukazunguka. Binti wa duka la dawa naye akanifundisha taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Nawa mikono kwanza, mama. Vuta kope la chini. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kidole, usimwazime mtu, na mwezi ukiisha itupe hata kama imebaki. Nikamwambia nayajua hayo tangu kabla mama yake hajazaliwa. Akasema, "Najua unajua, mama, nakukumbusha tu." Nilitoka dukani kwa haraka nikasahau mwavuli.

Haraka ndiyo tabia yangu ya kuzaliwa. Sikuwahi kukaa chini mpaka chakula kiishe, sikuwahi kusubiri sentensi ya mtu ifike mwisho. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nimeolewa nikiwa nimesimama. Wanaonifahamu hucheka, nami hucheka nao, lakini kuna siku chache za utoto wangu ambazo nikizikumbuka miguu hunisumbua kweli, natoka nje, nazunguka nyumba, narudi. Zile siku za jicho la Lazaro.

Tulikaa juu kidogo ya mji wa Arusha, upande wa Waarusha, ambako migomba inaingiliana na kahawa na mfereji wa maji unapita nyuma ya kila nyumba. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Kwetu watoto Mwingereza alikuwa bendera iliyotundikwa mjini na gari moja lililopita likitutimulia vumbi. Sombetini, ambayo leo ni mitaa ya mji, yote ilikuwa malisho. Baba alifanya kazi Usa River kwenye shamba la kahawa la mzungu na kurudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani tulibaki wanne: yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, koko, yaani bibi, mama yake baba, mimi, wa miaka tisa hivi, na mdogo wangu Lazaro, wa miaka minne, mwenye kichwa kikubwa na moyo wa kuamini kila anachoambiwa.

Koko alikuwa mtu wa baraka. Kwetu mzee akimtakia mtoto heri humtemea mate. Watu wa pwani wakisikia hivyo hukunja nyuso, na nimeshachoka kuwaeleza. Si kutema kwa dharau. Ni unyunyu mdogo tu wa midomo, tsu, kwenye paji la uso au kiganjani, na maneno mema yakifuata. Mtoto mchanga, ndama, nguo mpya, mtu anayekwenda safari, vyote vilipitia midomoni mwa koko kwanza. Wanawake walipandisha kilima na vichanga vyao kumfuata yeye, kwa sababu ilijulikana kwamba watoto aliowabariki hawakuwa walizi. Alibatizwa uzeeni, kwa hiyo alianza na Enkai, Mungu wa mababu zake, na kumalizia na Amina, na mchungaji wetu hakuwa na la kusema kwani wanawe wawili nao walishapita pale.

Macho ya Lazaro yalianza kuwa mekundu msimu wa kuchuma kahawa. Nzi walikuwa wengi. Asubuhi aliamka kope zimegandana kwa matongo, analia kwamba usiku haujaisha, na koko akazilainisha kwa maziwa ya vuguvugu kama ilivyokuwa desturi. Siku ya tatu yeyo alimbeba tukateremka naye zahanati. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya mdomo wangu. Nilikuwa nasoma, nilijua Kiswahili. Yeyo alijua cha sokoni tu, na koko hakujua kabisa. Dresa, yule msaidizi wa tiba aliyefunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa mtu wa Upare, na Kimaa chake kiliishia kwenye salamu.

Alimfungua Lazaro macho kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, akatoa chupa ndogo ya rangi ya kahawia. Ndani yake kulikuwa na kibomba cha kioo chenye mpira mwekundu kichwani. Aliniita mimi, si yeyo.

"Binti, wewe ndiye utakayemtilia?"

"Ndiyo, dresa." Yeyo alikuwa na kibarua cha kuchuma kahawa, na mikono ya koko ilitetemeka.

"Basi sikiliza mpaka nimalize. Unanawa kwa sabuni. Unavuta kope la chini hivi. Tone moja, kila jicho, mara nne kwa siku. Hii ncha isiguse jicho, isiguse kidole, isiguse kitu chochote. Ikitoka jichoni irudi chupani. Dawa ni ya huyu mtoto peke yake. Weka mahali pa baridi. Siku saba, hata akionekana amepona. Siku ya saba ikipita, inayobaki unamwaga."

Niliyatafsiri yote kwa yeyo isipokuwa hilo la kumwaga, kwa sababu niliona aibu kulisema. Nani kwetu alimwaga kitu?

Hatukuwa na saa. Nilijipangia mwenyewe: ng'ombe wakitoka, kivuli kikiingia chini ya paa, ng'ombe wakirudi, na kabla ya kulala. Shule nikaambiwa nisimame wiki nzima. Niliumia sana, maana wiki hiyo ndiyo darasa letu lilikuwa linaanza kujifunza kugawanya, na niliamini kwamba wenzangu wangemaliza hesabu zote za dunia nikiwa nyumbani na chupa.

Ile jioni ya kwanza nilinawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vikajikunja. Nikaketi na Lazaro mlangoni, kichwa chake mapajani kwangu. Koko akasogea na kigoda chake.

"Lete hicho nikione."

Nikampa chupa. Akachomoa kibomba, akakiinua kwenye mwanga.

"Koko, dresa kasema kisiguswe."

"Kisiguswe na mtu mwenye roho mbaya. Kichwa cha Lazaro kilipotokeza duniani mkono wa kwanza kumpokea ulikuwa wa nani?" Akacheka kidogo. "Nakerai, mtoto wangu, kitu kigeni kitamwingiaje ndugu yako mwilini bila neno jema?" Akaisogeza ncha midomoni. Tsu. "Enkai, mfungulie huyu macho aone ng'ombe wake na watoto wake. Amina." Akanirudishia.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtoto wa miaka tisa hamwambii koko kwamba baraka yake ni uchafu. Neno lenyewe halikuwepo kichwani. Lakini dresa naye aliniangalia machoni, akaniambia nisikilize mpaka amalize, jambo ambalo watu wazima hawakuwa wakinifanyia. Kwa hiyo koko alipogeuka kuita kuku nikapata akili ambayo niliiona kubwa kuliko za wote wawili. Nilichukua pindo la gauni langu nikaifuta ile ncha, nikaifuta vizuri, ndipo nikamtilia Lazaro na kurudisha kibomba chupani. Koko amebariki, dresa ametiiwa. Nilijivuna mpaka nikalala nikitabasamu.

Gauni lilikuwa hilohilo nililofutia mikono baada ya kuzoa mavi ya ng'ombe. Ndilo nililomfutia Lazaro matongo. Wala halikunipitia akilini. Nguo ilikuwa kitu cha kufutia. Ndiyo kazi yake.

Tukaendelea hivyo mara nne kwa siku, koko tsu, mimi pindo, tone, chupa. Siku ya pili uwekundu ulipungua, na siku ya tatu Lazaro alimfukuza jogoo. Siku hiyohiyo aliniambia, "Dada, dawa ni chungu." Nikamwambia hajainywa. Akatoa ulimi kunionyesha. "Ipo huku." Nilikataa, tukabishana, mwisho nikajitilia tone moja mwenyewe kwa kumkomoa, kwa kibomba kilekile, na kweli likateremka mpaka kooni.

Nilifikiri nimegundua kitu. Jicho na mdomo ni shamba la juu na shamba la chini kwenye mfereji mmoja. Maji ya huku yanafika kule. Kama ni hivyo, mate na machozi ni ndugu, na mate ya koko hayawezi kumdhuru mtu jichoni, maana mtu anayo mate yake humohumo. Dresa hakulijua hilo. Nikamhurumia. Dhamiri yangu, iliyokuwa ikinichoma kila koko akisema tsu, ikatulia kabisa, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Siku ya nne jicho la kushoto lilivimba. Nikadhani nimezidisha tone. Siku ya tano halikufunguka mpaka mchana, na lilipofunguka likawa linatoa kitu cha njano, na Lazaro akawa anajificha nyuma ya mlango kwa sababu mwanga ulimuuma. Yeyo alirudi jioni kutoka kwenye kahawa akamtazama kwa muda mrefu. Karibu na kanisa alikaa mzee mmoja kipofu aliyekwenda kwa kupapasa ukuta, na watoto wakatili tulikuwa tukijificha mbele yake tukishika pumzi. Yeyo hakumtaja. Alisema tu, "Macho ya mtoto wa kiume," akaacha hapo. Mimi usiku ule nilihesabu matone yote niliyowahi kumtilia, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Asubuhi ya siku ya sita yeyo alishatoka gizani kwenda kibaruani. Ng'ombe walipotoka nilimvuta Lazaro kope, na kwenye weusi wa jicho nikaona doa jeupe dogo, kama punje ya unga. Nikaita. Koko alikuja, akainama mpaka pua yake ikamgusa, akalitazama. Hakuuliza kama tumsubiri yeyo. Alimfunga Lazaro mgongoni kwa shuka, mtoto wa miaka minne, miguu ikimning'inia mpaka magotini mwa koko, akashika fimbo yake akaanza kuteremka. Nilimwambia nimpokee. Akasema nibebe chupa.

Njia ile ilikuwa na utelezi na koko alikuwa na magoti mabaya. Alisimama mara nyingi, akipumua kwa mdomo, akimwimbia Lazaro vitu vya kunguru na fisi. Mimi nilikimbia mbele, nikarudi, nikakimbia tena. Chupa ilikuwa mkononi mwangu inapata joto. Nilijua kwamba ni ile ncha. Ile hadithi yangu ya mfereji ilinitoka yote kabla hatujafika bondeni.

Dresa alimlaza Lazaro kwenye meza, akalitazama jicho, akanitazama mimi.

"Shikamoo, dresa."

"Marahaba. Hii dawa imeguswa na nini?"

Koko alikuwa ameketi kwenye benchi anafuta jasho, akituangalia kwa zamu, mmoja mmoja, kama mtu anayetazama watu ng'ambo ya mto.

"Binti, sina hasira. Nikijua, nitajua la kufanya. Jicho likichelewa halirudi. Nini kiligusa ncha?"

"Mate," nikasema. "Bibi huibariki. Kila mara."

Ilikuwa kweli. Nikangoja nisikie mdomo wangu ukiendelea, useme na pindo, na gauni, na lile tone nililojitilia mwenyewe kwa ubishi. Mdomo ambao haukuwahi kushindwa kusema lolote ulijifunga pale.

Dresa hakucheka wala hakukunja uso. Alichukua chupa yangu akaimwaga nje mlangoni, koko akashtuka kuona dawa inanywewa na ardhi. Akachemsha kibomba kingine, akamsafisha Lazaro kwa maji yaliyochemshwa na pamba, kila jicho na pamba yake, akamtilia dawa mpya kutoka chupa mpya. Akasema tumrudishe kila siku kwa siku tatu, na doa likiongezeka angempeleka hospitali ya mjini siku hiyohiyo. Kisha akachuchumaa mbele ya koko kwa heshima, akasema nami huku akimtazama yeye.

"Mwambie bibi hivi. Amefanya vizuri kumleta bila kungoja. Wala si lazima yawe mate. Pengine ni vidole, pengine nguo, pengine nzi. Asijilaumu. Ambariki mtoto kichwani kadiri anavyopenda, kibomba tu akiache. Umesikia? Mwambie vyote."

Aliposema nguo nilihisi uso unawaka. Nilidhani ameliona gauni langu. Nilidhani nikianza kutafsiri nitalazimika kulitaja hilo neno, na koko, aliyeniona kila siku nikiwa na pindo mkononi, atageuka anitazame. Nikageukia koko. Nikasema kwa Kimaa, haraka, kama ninavyosema kila kitu:

"Anasema usiiguse dawa tena. Mate yako yamemharibu Lazaro jicho."

Koko alimtazama dresa, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kwa upole kukubaliana na maneno asiyoyaelewa. Akarudi kunitazama mimi. Aliinua ncha ya shuka lake akajifuta midomo, mara moja, halafu tena, halafu akaishikilia pale.

Jicho lilipona. Nataka mjue hilo, nisiwaweke roho juu. Yeyo aliacha kibarua siku tatu, mimi nilinawa, nilivuta kope, nilitia tone bila ncha kugusa chochote duniani, na siku saba zilipokwisha niliimwaga iliyobaki kwenye migomba huku nikitazamwa na nyumba nzima. Doa likafifia likabaki kama ukungu pembeni, na Lazaro hadi leo anaendesha gari usiku, ingawa mkewe hapendi. Nikarudi shule. Kugawanya kulikuwa hakujaisha.

Wiki chache baadaye Nai, mke wa jirani yetu, alikuja na mtoto wake wa kwanza, amemfunga vizuri kwa kitambaa kipya. Koko alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake, Lazaro ameketi miguuni kwake anachezea magunzi. Mimi nilikuwa napepeta mahindi.

"Koko, nimekuletea mtu," Nai akasema, akamlaza mtoto mapajani mwake.

Koko akamfunua uso. Akamtazama kwa furaha kubwa, nakumbuka, akamshika kidole. Akainama kama alivyoinama kwa watoto wote, midomo ikakaribia paji la uso, kisha akajirudisha nyuma na kuvuta shuka mdomoni.

"Mpeleke kwa yule mama mzee wa pale kanisani, ambariki. Mdomo wangu unauma."

Nai akacheka. "Unaumaje, koko, na asubuhi nimekusikia ukigombana na mbuzi?"

"Mate yangu si mazuri siku hizi," koko akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba kisu chake kimepoteza makali. Nai akaacha kucheka, akanitazama mimi anisaidie kuelewa. Dresa alisema si lazima yawe mate. Maneno yenyewe hayazidi pumzi moja, mtoto yeyote anaweza kuyasema, na mimi nilikuwa na Kimaa na Kiswahili na mdomo uliosifiwa mpaka zahanati. Koko aliishi mpaka nikaolewa, kwa hiyo siku za kuyasema nilikuwa nazo nyingi baada ya ile, lakini ile ndiyo ilikuwa siku yake, na wote pale walikuwa wakiniangalia, hata Lazaro, kwa macho yake yote mawili.

Nikaweka ungo chini. Nikasema nakwenda kuchota maji, nikachukua kibuyu nikakimbia kuelekea mferejini, na yeyo akaniita kutoka ndani kwamba mtungi umejaa.